Nyota ya Kumwita Mbwa

Tarehe 3 Februari

Dada yangu,

Najua utashtuka kuona bahasha yenye mwandiko wangu. Kabla mawazo hayajakupeleka mbali: hakuna aliyekufa, hakuna anayeumwa, na shangazi ni mzima, bado anagombana na redio kila asubuhi. Nimeamua kuandika kwa sababu tukipigiana simu tunasalimiana, tunaulizana kama mvua imenyesha, kisha kila mmoja anangoja mwenzake aage. Kwenye karatasi huenda tukafika mbali kidogo.

Habari yenyewe ni kwamba nina mbwa.

Wiki tatu zilizopita mwenye nyumba mmoja alikuja dukani kunichukua nikamfungulie mlango. Wapangaji wake walikuwa wamehama bila kuaga na funguo wameondoka nazo. Nilitoboa kitasa tukaingia. Vyumba vilikuwa vitupu, hata balbu walikuwa wamezifungua. Jikoni, chini ya sinki, kulikuwa na mbwa amefungwa kwa kamba ya kuanikia nguo, na mbele yake bakuli lililolambwa mpaka linang'aa. Hakubweka. Aliniangalia kama mtu aliyekaa sana kwenye foleni, sasa ameona dirisha linafunguliwa. Mwenye nyumba akasema yeye hakupangisha mbwa, niache, atawaita watu wa manispaa waje kumchukua. Nilikata kamba nikatoka na mbwa, nikasahau hata bisibisi yangu.

Ni jike, mweusi, kifua cheupe, miguu ya mbele imepinda kidogo kama mabano. Daktari wa mifugo anakadiria ana miaka miwili au mitatu. Alimdunga sindano ya kwanza, akafungua kadi, na penye jina akaandika kwa penseli "Mbwa wa Fundi". Sindano ya pili ni mwisho wa Machi, na siku hiyo anataka jina la kuandika kwa kalamu.

Nimeona apewe jina la huko juu. Unakumbuka mama alivyokuwa akirudi alfajiri kutoka zamu yake kwenye mitambo ya simu, anatutoa kitandani na usingizi wetu, anatupanga uani kutuonyesha nyota kabla hazijafifia? Mimi nilishika mbili tatu. Wewe ulizishika zote. Nitumie majina.

Mdogo wako,
Komeo


Tarehe 17 Februari

Komeo mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwenye chumba cha kushonea, nikiwa nimezungukwa na mashuka ya wodi tatu yanayongoja viraka. Nilikuwa natabasamu peke yangu mpaka mwenzangu wa cherehani ya pili akauliza kama nimepandishwa cheo. Nikamwambia nina ndugu ambaye tangu utoto tunamwita Komeo kwa sababu akifunga mdomo haufunguki, na leo amejaza kurasa mbili kwa ajili ya mbwa. Mpe huyo mbwa mfupa mkubwa kwa niaba yangu.

Haya, majina. Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote, kama ni mbwa mwenye majivuno. Zohali, ile yenye pete. Mirihi ni nyekundu, na mbwa wako ni mweusi, lakini hawezi kulalamika. Hilali, kwa sababu ya kifua cheupe. Kimondo, kama anajua kukimbia. Kilimia, vile vinyota vilivyojibana kama vimesikia baridi, ambavyo mama alituambia wakulima walivitazama kujua msimu wa jembe.

Shemeji yako naye amepiga kura. Mtu aliyeshinda chini ya injini za treni miaka ishirini ameona mbwa mweusi aitwe Dizeli. Nimemwambia tunaongelea mambo ya mbinguni.

Niandikie alichochagua.

Dada yako


Tarehe 1 Machi

Dada,

Majina nimeyajaribu yote, kila moja siku mbili.

Mshtarii ni refu mno. Ukimaliza kuliita, mwizi ameshamaliza kazi yake yuko njiani. Zohali, shangazi amesema inafanana na dawa ya minyoo aliyonyweshwa utotoni na hataki kuisikia ikiitwa ndani ya nyumba. Kimondo ni matusi, maana mbwa mwenyewe anatembea kama anasindikiza bibi harusi. Hilali, Mirihi na Kilimia ameyasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesomewa tangazo lisilomhusu, kisha akaendelea na usingizi wake. Hata Dizeli nimejaribu. Mwambie shemeji pole.

Sasa nimegundua kitu. Katika orodha yako umeruka ile nyota ya alfajiri aliyoipenda mama kuliko zote. Nadhani umesahau tu. Mama alikuwa akisema mji mzima ukiwa umelala yeye hatembei peke yake, Zuhura anamsindikiza mpaka getini. Mimi naona linafaa hilo. Ni fupi, linaitika mdomoni, na ni la nyumbani. Nisiposikia neno kutoka kwako nitamwambia daktari aliandike.

Kazini hakuna jipya. Leo nimemfungulia mama mmoja sanduku la chuma ambalo halijafunguliwa tangu mumewe afariki. Ndani kulikuwa na ufunguo wa sanduku jingine.

Komeo


Tarehe 9 Machi

Komeo,

Si hilo. Mpe lolote kati ya niliyokutumia, au jingine utakalolipenda, ila si hilo.

Tafadhali usiniulize kwa nini.

Dada yako


Tarehe 24 Machi

Dada,

Barua yako ya mistari mitatu imekaa mfukoni mwangu siku nane. Niliiandikia majibu mawili nikayachana. Hili la tatu nalituma lilivyo.

Umeniambia nisiulize, na mimi sitauliza. Nitasema tu. Miaka minane hii nimekaa na neno, na sasa limenichosha.

Siku mama alipofariki nilikupigia mimi mwenyewe. Ulilia, ukasema unafunga mzigo, basi la kwanza ni lako. Tulichelewesha mazishi siku nzima kwa ajili yako. Kesho yake jioni ukapiga, sauti kama ya mtu anayesoma karatasi, ukasema, "Kazini wamenikatalia ruhusa." Nilikata simu. Nilimzika mama nikiwa nimesimama peke yangu upande wa watoto. Watu waliniuliza dada yuko wapi. Shangazi aliponiuliza nilimwambia kwamba dada ameona mashuka ya watu ni muhimu kuliko sanda ya mama yake. Ndivyo nilivyosema, na sijawahi kukuambia kwamba nilisema.

Sasa namtafutia mbwa jina, nachagua nyota aliyoipenda mama, na wewe ambaye hukuja unanikataza kulitamka, bila sababu. Nashindwa kuelewa. Kama kumbukumbu ya mama inakuchoma, mimi naishi nayo humu ndani kila siku, kwenye sufuria zake na kwenye ufagio wake.

Daktari nimemwambia angoje. Ameacha penseli yake ilivyo.

Komeo


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Shemeji yako alisema, "Mwandikie yote, au usimwandikie kabisa." Basi naandika yote.

Mwaka ule nilikuwa mjamzito. Hukujua wewe, hakujua shangazi, hakujua mtu. Kabla ya hapo mimba mbili zilikuwa zimeharibika mapema, na mara zote mbili nilikuwa nimeshatangaza, kisha nikalazimika kuwaambia watu mmoja mmoja kwamba hakuna tena. Ile ya tatu nikaapa kwamba nitakuja nyumbani na mtoto mgongoni ndipo muulizane ametoka wapi. Aliyejua ni mama tu. Nilimwandikia nikamwomba asimwambie hata wewe, akakubali, akanitania kwamba amefanya kazi kwenye mitambo ya simu miaka thelathini, na siri za mji mzima zimepita sikioni mwake bila kutoka mdomoni. Mwisho wa barua yake aliandika hivi: akiwa wa kike, mwite Zuhura, nami nipate wa kunisindikiza mchana.

Uliponipigia nilikuwa na miezi saba. Nilifunga mzigo kweli. Nilikuwa nimeinama natafuta viatu chini ya kitanda uchungu uliponishika. Shemeji yako alinibeba mpaka barabarani. Alizaliwa usiku ule, wa kike. Aliishi siku moja na nusu. Nilikupigia kutoka kwenye korido ya wodi wakati bado anapumua, nimevaa gauni la hospitali, na nilikuwa nimekusudia kukuambia ukweli. Nikasikia nyuma yako watu wanalia, nikamsikia shangazi anauliza viti vimetosha. Sikuweza kukuongezea. Nikasema uongo wa kwanza uliokuja, nikifikiri nitaunyoosha baada ya wiki. Wewe ukakata simu. Wiki ikawa mwezi. Mwezi ukawa mwaka, na kila nilipotaka kuanza niliona sasa nitaonekana najitafutia huruma.

Tulimzika siku moja baada ya ninyi kumzika mama. Tulikuwa wawili tu, mimi na baba yake, na mtu wa makaburi.

Muuguzi aliniuliza jina la kuandika kwenye fomu. Nikasema Zuhura. Tangu siku ile sijalitamka, na shemeji yako hajalitamka. Liko kwenye ile karatasi, ndani ya bahasha, kabatini. Ndiyo maana nililiruka kwenye orodha. Sikusahau. Uliponiandikia kwamba utampa mbwa niliona kama mtu ameingia chumbani bila kubisha hodi. Hukuwa na kosa. Hukuwa unajua kwamba kuna mlango.

Kuhusu uliyomwambia shangazi, nilikuwa nayajua. Mambo hayo husafiri. Sikukasirika, maana kwa ulichokijua wewe, ulisema haki.

Dada yako


Tarehe 14 Mei

Dada yangu,

Barua yako niliisomea dukani, nikafunga duka saa nne asubuhi. Mteja mmoja alikuwa amejifungia nje ya gari lake akanikuta nateremsha mlango, nikamwambia arudi kesho. Sijui hata alifikaje kwake.

Nimeshajaribu kuandika pole na haitoshi, nimeandika nisamehe na haitoshi. Ninayo mengi nitakayokuambia ana kwa ana ukinipa nafasi. Kwa sasa nitakuambia moja tu, nalo ni baya, na afadhali ulijue kwangu.

Mbwa anaitwa Zuhura.

Anaitwa hivyo tangu siku ya kwanza. Nilipokata ile kamba jikoni nilimwambia, "Twende, Zuhura," bila kufikiri, na akainuka. Wakati naandika barua ya Februari alikuwa tayari ameshalijua. Yale majina yako niliyajaribu kweli, ila alikuwa hayaitikii kwa sababu analo lake. Nikakuficha, nikifikiri utalipendekeza mwenyewe nami nitajifanya nimekubaliana na wazo lako. Jina nilikuwa nalo. Nilichokosa ni sababu ya kukuandikia. Miaka minane nilikuwa natafuta kitu kidogo, kisicho na uzito, ambacho ndugu wawili wanaweza kuulizana bila kuumizana, na nilipompata huyu mbwa nikaona nimekipata.

Tangu barua yako ifike sijamwita kwa jina. Nampigia mluzi. Shangazi ananiuliza mbwa ana kosa gani.

Niambie nifanye nini. Ukitaka nimpe mtu mwingine, nitampa. Nitaumia, lakini nitampa.

Komeo


Tarehe 30 Mei

Komeo,

Usimpe mtu. Mnyama aliyeachwa mara moja asiachwe mara ya pili kwa ajili ya mambo yetu.

Nilipofika kwenye ile sentensi yako ya jina la mbwa niliisoma mara tatu. Nikampa karatasi shemeji yako. Alisoma, akacheka, cheko fupi ambalo hata yeye halikumpendeza, akatoka nje akasimama karibu na tenki la maji. Aliporudi akasema, "Kwa hiyo kuna nyumba ambamo jina hilo linaitwa na mtu anakuja." Nimelala na neno lake siku kumi, na siwezi kusema limeniumiza tu.

Hata hivyo, mbwa ni mbwa na mwanangu ni mwanangu. Sitaki jina likae kwa mbwa. Nitamwachisha mwenyewe. Sijachukua likizo ndefu miaka mingi, na msimamizi wangu amenipa wiki mbili za Julai bila hata kuniuliza naenda wapi. Muulize daktari wako mbwa mzima anabadilishwaje jina. Mpaka nije endelea na mluzi.

Shangazi unaweza kumwambia. Naomba umwambie wewe. Mimi nikianza nitashindwa kumaliza. Wengine tutawaacha kwanza.

Shemeji yako atabaki, treni hazina likizo. Anakusalimu, na anauliza kwa nini Dizeli lilikataliwa.

Dada yako


Tarehe 20 Juni

Dada,

Nimemwambia shangazi. Nilimkuta anachambua mchele, nikakaa kwenye kigoda mbele yake, nikaanza na yale niliyomwambia mimi siku ya mazishi, kwamba yalikuwa uongo ingawa sikujua. Kisha nikamwambia yako. Hakunikatiza hata mara moja, na wewe unamjua shangazi. Alipoinua macho aliuliza mtoto alikuwa na nywele. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi nitamuuliza mwenyewe akija." Akarudi kwenye mchele, ila nilimwona anarudisha mawe kwenye sinia badala ya kuyatupa.

Kesho yake alinituma dukani kununua rangi. Chumba chako kimepakwa. Amechagua rangi mwenyewe, utaiona, tafadhali usicheke.

Daktari wa mifugo anasema si kazi ngumu ila inataka subira. Unamwita kwa majina mawili pamoja, la zamani mbele na jipya nyuma, na kipande cha nyama mkononi. Siku chache zikipita la zamani unalisema kwa sauti ndogo na jipya kwa sauti kubwa. Mwisho unabaki na jipya peke yake. Anasema siri ni kwamba usiliondoe la zamani ghafla, mpaka la pili limeshakaa.

Kwa hiyo linatakiwa jina jipya kabla hujafika. Mimi sichagui tena. Chagua wewe, uje nalo.

Nitakuwa stendi tangu asubuhi, hata kama basi linafika jioni.

Komeo


Tarehe 12 Agosti

Mdogo wangu,

Nimefika salama, nimeshona mashuka wiki mbili sasa, na mgongo umesharudi kuuma pale pale. Yale tuliyozungumza wawili, na siku tuliyokwenda kwa mama, sina haja ya kuyaandika, ulikuwepo. Nataka nikuambie ambayo hukuyaona, ya asubuhi ulipokuwa dukani.

Siku ya kwanza nilisimama uani na kipande cha nyama na sauti haikutoka. Kilimia, jina nililokuja nalo, lilitoka. Lile jingine lilikataa. Mbwa alikaa chini ananitazama, hana haraka, na mimi nimesimama pale mtu mzima na mafuta yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Mwisho nikampa nyama bure nikaingia ndani.

Siku ya pili nililisema kwa sauti ya mtu anayeomba kitu kwa jirani asiyemjua. Zuhura Kilimia. Akaja. Nilishtuka alivyokuja haraka, nikadondosha nyama. Nikarudi mwanzo nikamwita tena, na tena. Siku ya tano shangazi alipiga kelele kutoka jikoni kwamba nyama ya mchana inaliwa na mbwa, nami nikagundua kwamba nimelitamka tangu chai mpaka saa sita na sijahesabu ni mara ngapi. Nilikuwa nimelitamka kwa nguvu, kwa kubembeleza, kwa kukemea, alipochimba kwenye mchicha wa shangazi. Mama yeyote huita hivyo mchana kutwa. Mimi sikuwahi.

Nililiogopa jina miaka minane. Lilipotoka mdomoni halikuniua.

Kuanzia siku ya nane nikawa nalipunguza kama alivyosema daktari. Hapo ndipo palikuwa pagumu, nakwambia ukweli. Kuna asubuhi nilidanganya, nikaliita lote kwa sauti, kwa sababu nilitaka tu kulisikia. Siku ya kumi na mbili nilisema Kilimia peke yake, kutoka mbali, sina nyama wala chochote. Alitoka chini ya kiti akaja mpaka miguuni. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, kisha nikaenda kuosha vyombo. Wewe ulipokuja kula uliniuliza macho yana nini, nikasema kitunguu. Hatukuwa na kitunguu siku ile.

Nilipofika huku nilimsimulia shemeji yako yote. Jana tunakula akasema, bila kunitazama, kwamba Zuhura angekuwa darasa la pili sasa. Nikasema ndiyo, na angekuwa na makelele. Tukaendelea kula.

Nakala ya ile karatasi ya hospitali nimemwachia shangazi. Alinililia aione. Lile swali lake nimeshamjibu. Zilikuwepo, nyingi, nyeusi.

Mtunze Kilimia.

Dada yako


Tarehe 3 Septemba

Dada,

Daktari amefuta penseli. Kadi sasa inasema Kilimia, jike, mweusi mwenye kifua cheupe, na sindano zote amemaliza. Alifurahi jina, akasema wateja wake wengine wote wana mbwa wanaoitwa majina ya wanasoka.

Anakula vizuri. Anakuja nami dukani, analala kizingitini, wateja wanamruka. Dukani wakimwita Fundi Mdogo hageuki. Ukisema Kilimia anakuja, hata ukilisema katikati ya maneno mengine kwa mtu mwingine.

Jumapili walikuja wageni wa shangazi, wale wanawake wake watatu wa kila mwezi. Nilikuwa naingiza viti ndani nikamsikia anawahesabia wajukuu wake, kila mmoja kwa jina, na alipofika kwa wako hakupita. Alisema wewe una binti, alizaliwa wiki moja na kifo cha bibi yake, akafariki. Mmoja akauliza alikuwa anaitwa nani. Shangazi akainuka kwenda kuleta karatasi yako, akavaa miwani, lakini herufi za hospitali ni ndogo. Akaniita nimsomee.

Nikasoma. Zuhura. Yule mama aliye mbali, ambaye masikio yake yamechoka, akasema hajasikia vizuri. Nikalirudia kwa sauti kubwa, kama anavyoita mtu mtoto aliye uani.

Kilimia alikuwa amelala mlangoni, hatua mbili kutoka nilipo. Hakuinua hata sikio.

Nakusalimu sana, pamoja na shemeji.

Mimi,
Mjomba wa Zuhura